Kibodi Isiyopita Getini

Kuanzia tarehe moja mwezi wa Novemba, kwa mujibu wa waraka wa makao makuu uliobandikwa kwenye ubao wa matangazo, kati ya ratiba ya kuni na picha ya mfanyakazi bora wa mwaka juzi, hakuna mkono wa binadamu utakaohitajika kugusa mashine yoyote katika chumba cha seva cha kiwanda. Kazi zote za kompyuta zitaendeshwa kutoka Nairobi. Waraka uliendelea kusema kwamba hatua hiyo inakiingiza kiwanda katika enzi mpya, na kwamba chumba chenyewe kitatiwa kufuli kwa ajili ya usalama wa vifaa na utulivu wa data. Data, yaelekea, husumbuliwa na watu.

Mkono uliokuwa hauhitajiki tena, ingawa waraka haukuwa na adabu ya kuutaja, ulikuwa wa Dorcus Adoyo.

Adoyo ana miaka arobaini na tisa. Baba yake alipanda kutoka Nyakach, kando ya ziwa, mwaka ambao kiwanda hiki cha wakulima wadogo, upande wa Bomet, kilifunguliwa. Alikuja kuchochea boila, na alistaafu akichochea boila ileile. Binti yake alisoma huku juu, akaimba kwaya ya huku juu, akajifunza Kikipsigis cha kutosha kujua anaposemwa. Wapo wanaopenda kumuuliza mpaka leo kwao ni wapi. Huwajibu kwamba kwao ni mlango wa tatu kushoto, ukishapita ofisi ya kupokelea majani.

Hakuanzia hapo. Alianza kama karani wa kituo cha kununulia majani mabichi, kibanda cha mabati kando ya barabara ya vumbi, siku za mizani ya ndoano na kitabu cha kaboni. Mizani ya elektroniki ilipoletwa, iliandamana na kitabu cha maelezo katika lugha kumi na moja. Adoyo aliisoma ile moja aliyoijua. Hilo lilitosha kumfanya mtaalamu wa kiwanda kizima, kwa kuwa hakuna mwingine aliyesoma hata moja. Akapelekwa kozi ya wiki sita Kericho mjini, akarudi na cheti, na jamaa aliyekuwa akitunza seva alipopata kazi Qatar, ufunguo ukaangukia mikononi mwake. Hiyo ni miaka kumi na mbili iliyopita. Jina analoitwa kiwandani ni Mama Akello, kwa binti yake wa kwanza.

Chumba si kikubwa. Kina kabati la chuma, feni ya kupoza inayolia, kiti kimoja, meza moja na sweta linaloning'inia kwenye msumari kwa sababu ya ile feni. Seva ni tano na kibodi ni moja. Kazi yake yote imejengwa juu ya hesabu hiyo. Kati ya seva na kibodi kuna kisanduku cheusi chenye vitufe vinane, ambacho mafundi hukiita KVM na yeye hukiita swichi. Ukibonyeza kitufe cha kwanza, kibodi, skrini na mausi vinakuwa vya mashine ya kwanza. Ukibonyeza cha nne, ni vya mashine ya nne. Mtu mmoja kwenye kiti kimoja anahudumia mashine tano kwa zamu, kama karani wa posta mwenye dirisha moja na foleni tano.

Seva ya kwanza hupokea kilo za majani kutoka vituoni. Ya pili hujua nani kafika kazini. Ya nne huangalia vitanda vya kunyaushia na joto la vikaushio, ya tano hujua chai iliyofungwa imekwenda wapi. Lakini ya kuwashwa kwanza ni ya tatu, kwa sababu ya tatu ndiyo inayojua majina. Nyingine zote zikiamka huiuliza: huyu ni nani, aruhusiwe? Zikikuta ya tatu imelala, hukata tamaa na kukaa kimya siku nzima bila kumlaumu mtu.

Na ya tatu ni nzee. Ina betri fulani ndani yake iliyokufa zamani, basi kila ikiwashwa husimama katikati, ikaandika kwenye skrini kwamba kuna hitilafu, ikauliza iendelee au isiendelee. Mtu akibonyeza herufi moja, inaendelea. Asipobonyeza, inangoja, na haina haraka. Adoyo aliomba betri mpya mara nne. Alijibiwa kwamba seva yenyewe iko karibu kubadilishwa, hivyo kuinunulia betri si jambo la busara. Jibu hilo lina miaka sita.

Huku kwetu mvua hunyesha alasiri, na radi huja na mvua, na stima huondoka na radi. Katika wiki ya kawaida stima hupotea mara tatu. Jenereta huchukua sekunde kumi kunguruma, na betri za akiba zilizonunuliwa kuziba sekunde hizo kumi zenyewe zimebaki kuwa samani. Seva zote huanguka. Adoyo huvuta sweta lake, hukaa, hubonyeza ya tatu, hujibu swali lake, kisha ya kwanza, ya nne, ya pili, ya tano. Dakika saba. Malori hayajui, wakulima hawajui, mkurugenzi hajui. Ndiyo maana ilikuwa rahisi kuandika ule waraka.

Mwishoni mwa Oktoba alifika Injinia Clifford Mochama wa makao makuu, mtu mpole, mwenye viatu visivyopatana na matope ya msimu huo. Alileta kisanduku kingine, cheupe, kinachofanya kazi ileile ya swichi, isipokuwa kiti chake kiko Nairobi. Waya unaingia kwenye kisanduku, kisanduku kinaingia kwenye faiba ya intaneti, na mtu aliye ghorofa ya sita kwenye jengo la vioo anaiona skrini ya Bomet na kuandika juu yake kama aliyekaa hapo. Kwa siku mbili Adoyo alitazama mshale wa mausi ukitembea peke yake mbele ya macho yake. Alisema wazi kwamba ni kitu kizuri, na kwamba akiwa na malaria siku moja kitamfaa sana.

Kilichomkera kilikuwa ukurasa wa pili wa waraka. Swichi nyeusi, kibodi, skrini na mausi vingeondolewa na kupelekwa Nairobi. Chumba kingefungwa. Yeye angerudishwa kituoni kuwa karani, kwenye kibanda kilekile cha mabati, ambacho katika miaka yote hiyo kilikuwa kimepakwa rangi mara moja.

Alimuuliza Mochama njia ikikatika itakuwaje.

"Ziko mbili, Mama. Moja ikikatika, ingine inashika."

"Zinapita wapi?"

Mochama alifungua mchoro. Kwenye mchoro njia moja ilikuwa ya buluu na nyingine ya kijani, nazo zilikuwa mbalimbali kabisa, kama watu waliokosana. Adoyo akamshika mkono, akamtoa nje hadi nyuma ya boila, akamwonyesha. Buluu na kijani zilikuwa zimening'inia kwenye nguzo zilezile, pamoja na waya wa stima, zikikatiza bloku namba saba ya mikaratusi ya kiwanda chenyewe. Zilipitishwa humo kwa sababu ndipo palipokuwa karibu, na kwa sababu hakukuwa na jirani wa kuombwa ruhusa. Mikaratusi hiyo ilipandwa kuwa kuni. Bila kuni boila haitoi mvuke, na bila mvuke hakuna chai. Ratiba ya kuni ilisema bloku namba saba ingeangushwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Ratiba na waraka vilikaa kwenye ubao mmoja, vyote vikiwa na sahihi ya Meneja Kipngeno, kwa kalamu moja.

Adoyo aliandika barua fupi kulieleza jambo hilo. Meneja aliisoma, akaandika juu yake "Imeonekana", neno ambalo ofisini humaanisha kwamba karatasi imefika mwisho wa safari yake.

Ikabaki fomu ya kukabidhi vifaa. Viwanda vya chai vina amri moja isiyo na mchezo: hakuna kitu kinachotoka getini bila pasi, na pasi haiandikwi bila sahihi ya mtu ambaye kitu hicho kiko chini yake. Amri ilitungwa kwa sababu ya watu waliokuwa wakitoka na chai kwenye mabuti, lakini haikutaja mabuti. Ilisema kitu chochote. Kwenye rejista, mtunzaji wa swichi, kibodi, skrini na mausi alikuwa D. Adoyo.

Kipngeno alimwita ofisini Jumanne asubuhi. Si mtu mbaya. Ni meneja mwenye miaka minne kabla ya kustaafu, na hamu yake kubwa ni kwamba katika miaka hiyo kusitokee jambo.

"Mama Akello, weka sahihi hapa chini. Ni kitu ya dakika moja."

"Nitaweka. Lakini nitaongeza mstari."

"Hii fomu haina mahali pa kuongeza mstari."

"Iko na pembeni."

"Pembeni si mahali, Mama. Pembeni ni pembeni."

Mstari aliotaka kuongeza ulisema kwamba swichi, kibodi, skrini na mausi vitabaki chumbani, na ufunguo mmoja utabaki kwa mtunzaji. Kipngeno aliusoma mara mbili, akasema huo mstari unapinga fomu yote iliyo juu yake. Adoyo akakubali kwamba ndivyo ulivyo. Meneja akamkumbusha kwamba Bomet imejaa vijana wenye digrii wanaoitamani nafasi yake. Akajibu kwamba anawajua, wengine ni majirani zake, na wanakaribishwa waje kuweka sahihi, isipokuwa fomu ina jina lake yeye.

"Nyinyi watu wa ziwa mnapenda kesi," Kipngeno akasema, akicheka nusu.

"Kesi ni yenu, Meneja. Mimi niko na kibodi tu."

Alitoka bila kuweka sahihi, fomu mkononi. Alasiri hiyo Mochama, ambaye alikuwa na safari ya kurudi, alichomoa vifaa vyote na nyaya zake, akavipanga kwenye katoni iliyowahi kubeba maziwa ya pakiti, akaipiga utepe na kuibeba hadi getini. Askari wa zamu alikuwa Winny, mwanamke mwembamba ambaye siku moja alimvulisha kofia mwenyekiti wa wakurugenzi kuona kama ndani kuna chai. Alimwomba pasi. Mochama akamwonyesha waraka. Winny akausoma wote, akamrudishia, akamwomba pasi. Saa kumi na moja injinia aliondoka kwenda Nairobi na mkoba wake tu. Katoni ikabaki kwenye kibanda cha askari, upande wa ndani wa geti, chini ya koti la mvua.

Kesho yake chumba kilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa kwa Kipngeno. Adoyo alikuta barua ya kumtaka ajieleze, kwa maandishi, kabla ya Ijumaa saa sita, kwa nini asichukuliwe hatua. Ama aweke sahihi, aende kituoni, ama asiweke, aende nyumbani. Aliikunja, akaitia kwenye kibeti pamoja na ile fomu. Kisha akachukua chupa yake ya chai, akaenda kukaa kwenye benchi la kibanda cha askari, kando ya katoni. Kipngeno alipomtumia mtu kumuuliza anafanya nini pale, alisema yeye ni mtunzaji, na mtunzaji hukaa vilipo vifaa.

Alikaa Jumatano yote. Wachumaji waliopita walimtania, wengine wakampa pole kama aliyefiwa.

"Mama, hii kibodi itaota hapa," Winny akamwambia.

"Ikiota tutaichuma. Majani mawili na chipukizi."

Alhamisi kulipambazuka bila wingu. Mzee Kimeli, msimamizi wa kuni, aliingia bloku namba saba na watu wake watatu na msumeno wa injini. Mikaratusi minne ya kwanza iliangukia ilikoelekezwa. Wa tano ulikuwa umeinama kidogo tangu utoto wake, na saa tano na nusu asubuhi ulimaliza kuinama. Ulianguka na nguzo mbili. Buluu, kijani na stima vilikatika kwa pigo moja, kwa usawa kabisa, bila upendeleo.

Jenereta ilinguruma baada ya sekunde kumi. Taa za kiwanda zikarudi, vikaushio vikaendelea, na seva ya tatu ikaandika swali lake mahali ambapo hapakuwa na skrini. Huko Nairobi, Mochama alikuwa akitazama dirisha la kisanduku chake. Picha ya mwisho iliyomfikia ilionyesha kila kitu kikiwa sawa, na kwa dakika ishirini iliendelea kuonyesha hivyo.

Malori ya majani huanza kurudi kutoka vituoni kabla ya saa sita. Lori likifika, kilo zake hulinganishwa na zile zilizotumwa na mizani ya kituo, ndipo magunia yanapomwagwa vitandani yanyauke. Bila seva ya kwanza hakuna wa kulinganisha, na bila kulinganisha, amri inasema, hakuna kumwaga. Zamani kulikuwa na vitabu vya kaboni kwa siku kama hiyo. Vilichomwa mwaka uliopita kwenye boila, mbele ya wageni, kwa soda na keki, ishara ya kuachana na karatasi.

Kufikia saa saba malori saba yalikuwa yamepanga foleni kutoka ofisi ya kupokelea hadi getini, la saba likiwa mbele ya benchi la Adoyo. Madereva walifunua maturubai ili majani yapumue. Majani mabichi yaliyoshindiliwa kwenye gunia hujipasha moto yenyewe. Yakipita kiasi hubadilika kuwa mekundu, na chai yake hainywiki. Mzee Johana, mkurugenzi aliyechaguliwa na wakulima wa upande huo, alikuja na pikipiki yake. Hakuuliza mtu. Alipanda lori la kwanza, akazamisha mkono ndani ya majani hadi kiwiko, akautoa, akautazama. Akashuka.

Kimeli alikuwa amefika naye, kofia mkononi, akieleza kabla hajaulizwa. "Nimeambiwa bloku saba, nikakata bloku saba. Karatasi haikusema kuna waya."

"Karatasi iko na sahihi ya nani?" Johana akauliza.

"Ya Meneja."

Meneja wakati huo alikuwa ndani ya chumba cha seva, simu sikioni. Alikuwa amefungua kufuli mwenyewe na kukuta mashine tano zenye vitaa vya kijani, zisizo na pa kutazamia. Mochama, kwa sauti ya mtu anayechagua maneno, alimuuliza skrini inasema nini. Kipngeno akasema hakuna skrini. Mochama akashauri achukue skrini yoyote. Kipngeno akabeba ya ofisini kwake, mpya, nyembamba. Tundu lake halikufanana na lolote nyuma ya seva. Nyaya zinazofaa, Mochama akakumbuka, zilikuwa kwenye katoni.

Kipngeno alipotoka kwenda getini alikuta benchi tupu. Adoyo alikuwa ameshapita kwa mlango wa upande na katoni kifuani. Winny hakumzuia, katoni ilikuwa inaingia ndani, na pasi ni ya kinachotoka. Kipngeno akarudi mbio ndogo za mtu wa cheo. Akamkuta chumbani, utepe umekatwa, akichomeka waya wa mwisho. Aliwasha skrini, akabonyeza kitufe cha tatu. Swali likatokea, maandishi meupe juu ya weusi, kama lilivyokuwa limengoja tangu saa tano na nusu. Adoyo akavaa sweta lake, akakaa, akaweka mikono mapajani.

"Bonyeza basi," Kipngeno akasema.

"Hii chumba imefungwa na waraka. Mimi ni karani wa kituo. Karani akigusa seva, hiyo ni kesi."

"Mama Akello, majani yanaungua."

"Najua. Nimekaa nayo mlangoni. Ndio nimeunganisha kila kitu kwanza, usiseme nimekuchelewesha." Akafungua kibeti, akatoa fomu. Pembeni mwa karatasi, kwa wino wa buluu, mstari wake ulikuwa umeandikwa tayari, kwa mwandiko mdogo ulionyooka, na sahihi yake ilikuwa chini. "Imebaki vitu viwili. Herufi moja na sahihi moja. Herufi ni yangu."

Kipngeno aliitazama fomu kama mtu anayeonyeshwa mtoto asiye wake. Alisema makao makuu hayatakubali. Alisema jambo kama hilo linahitaji kikao. Alisema anaweza kumtafuta mtu mwingine abonyeze, na Adoyo akamwambia anaweza, ila yule mtu angehitaji pia kujua kinachofuata baada ya herufi hiyo, na baada ya hapo, na kwamba utaratibu wote haujaandikwa popote kwa sababu hakuna aliyewahi kumwomba auandike. Dakika nne zilipita hivyo.

Johana alikuwa amesimama mlangoni, kipande cha jani bado kimegandia mkononi.

"Kipngeno," akasema, "weka sahihi." Kisha akamgeukia Adoyo. "Na wewe, Mama. Akishaweka, usipobonyeza?"

"Mzee, nitabonyeza akiwa bado anaandika."

Kipngeno akachukua kalamu. Alikuwa amefika kwenye herufi ya pili ya jina lake Adoyo alipobonyeza.

Ya tatu, ya kwanza, ya nne, ya pili, ya tano. Dakika saba. Magunia yakaanza kumwagwa saa nane kasoro, na kufikia saa tisa foleni ilikuwa imekwisha. Malori sita yalipona. La kwanza lilikuwa limengoja kuliko yote. Nusu ya majani yake yalikuwa yamegeuka rangi, yakamwagwa nyuma ya kiwanda yawe mbolea.

Majani hayo yalikuwa ya wakulima wa kituo kimoja, na Jumamosi Adoyo alikwenda huko kwa miguu yake, ingawa hakuna aliyemtuma. Aliwaeleza mti ulivyoanguka na kwa nini. Akawaambia pia kwamba katika muda wote ambao lori lao lilikaa juani, dakika nne za mwisho zilikuwa zake, alizitumia kungoja sahihi, na kwamba ikibidi angezitumia tena. Wakulima walikuwa wamechuma majani hayo tangu alfajiri, kwa vidole vyao.

"Dakika nne," akasema mama mmoja mzee aitwaye Sally, akifunga kitambaa chake upya. "Sisi hapa tumengoja daraja miaka tisa. Huyu angalau alikuwa na sababu."

Wengine walicheka, wengine hawakucheka. Mmoja alimwambia Adoyo kwamba mwenye kibodi ni meneja mwingine tu. Adoyo alishukuru, "Kongoi", akarudi alikotoka.

Barua ya kujieleza aliijibu Ijumaa kabla ya saa sita, kama alivyotakiwa, kwa sentensi moja: kwamba aliombwa kukabidhi vifaa na amevikabidhi, mahali vilipokuwa vinahitajika. Hajajibiwa. Uhamisho wake kwenda kituoni haukufutwa. Umesitishwa kwa muda, na muda haukutajwa. Fomu ilipofika Nairobi, watu wa sheria waliigeuza kila upande, wakaona sahihi mbili halali na hakuna kifungu kinachokataza kuandika pembeni, wakaiweka kwenye faili chini ya marekebisho ya ndani. Nguzo mbili mpya zilisimikwa. Zimesimikwa palepale, kwa sababu ndipo palipo karibu, ila mikaratusi ya bloku namba saba sasa imekuwa visiki, na visiki haviangukii mtu.

Ripoti ya tukio ilisema kwamba mawasiliano yalikatizwa kwa saa kadhaa kutokana na hali ya hewa. Ripoti ya mwisho wa mwaka ilisema mradi wa kuendesha seva kutoka mbali umefaulu katika viwanda vyote bila kubakisha, na ikaweka picha ya kisanduku cheupe kwenye jalada. Waraka haujaondolewa ubaoni. Kipngeno, ambaye sasa amebakiza miaka mitatu, akipita mbele yake huangalia saa yake.

Kisanduku cheupe bado kipo kabatini, na kinafanya kazi vizuri. Kila Jumatatu mnamo saa mbili asubuhi hukwama, na Injinia Mochama humpigia Adoyo simu kumwomba akizime na kukiwasha tena. Kitufe chake kiko nyuma, kidogo sana, na hubonyezwa kwa ncha ya kalamu.